Kopo la Kumi na Moja

Hakuna mtu anayejua udongo kama mimi. Nipe konzi moja tu. Nitaunusa, nitaubinya, nitaulamba kidogo kwa ncha ya ulimi, halafu nitakuambia umenyeshewa mvua ngapi na utazaa nini. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wa hapa siku tuliyofika, mimi na binti yangu na mabegi yetu mawili, nao wakanisikiliza kwa heshima zote. Sasa niseme na lile lililobaki: ningekuwa naujua udongo hata robo ya hivyo, nisingeua maharage ya nyumba kumi na moja kwa ndoo sita.

Kijiji chetu ni hizo nyumba kumi na moja kwenye mteremko mmoja, na jiko la wote katikati. Aliyekibuni ni mzee aliyekuwa mpimaji wa barabara. Alipostaafu alisema amechoka kunyoosha vitu, sasa anataka kuvipinda. Tunamwita Mpimaji mpaka leo. Kila kitu hapa kimepinda kwa mkono wake. Mitaro ya kukingia maji imelala kwenye mteremko kama nyoka aliyeshiba, matuta ya mboga ni ya mviringo, na njia ya chooni inazunguka miti ya matunda mara mbili, mwenye haraka shauri yake. Huko chooni kwenyewe hakuna maji. Kuna ndoo ya maranda na kata. Ukimaliza haja zako unamwagia maranda, unafunika, na unashukuru, kwa sababu hicho ulichokiacha kitakaa mwaka mzima kisha kitalishwa miti. Mimi ni mtu mzima na nimeambiwa nishukuru mahali pengi, lakini si pale.

Ardhi yote imegawanywa maduara matano. La kwanza liko mlangoni pako, ndiyo mboga unazochuma ukiwa na ndala. La pili ni kuku na matunda, la tatu mahindi na maharage, la nne kuni. La tano haliguswi. Ni kipande cha msitu huko juu kilimani. Hakuna anayekata humo, anayechota wala anayeingia, isipokuwa mara mbili kwa mwaka tunapomfuata Mpimaji kwa mstari kama watoto wa shule, kwenda kuona jinsi msitu unavyojilisha wenyewe bila kufanya mkutano hata mmoja.

Maana sisi mikutano ndiyo mazao yetu makubwa. Jambo lolote hapa linaamuliwa kwa mikono yote. Mkono mmoja ukibaki chini, basi, limekufa. Na sheria kubwa kuliko zote imechorwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko: kisichotoka hapa hakiingii hapa. Chakula cha udongo kitoke jikoni kwako, chooni kwako, bandani kwako na kwenye majani yako. Ukitaka kuingiza hata gunia moja la majani kutoka nje, uliza kwanza, na wote wajue limetoka wapi.

Mgeni naye ana sheria yake. Mwaka wa kwanza hagusi ardhi. Anatazama tu jua linapopita, maji yanaposimama, upepo unapogonga. Mwaka mzima nilikaa kwenye kigoda nikitazama kipande chetu chenye mawe. Nimeposwa mara mbili katika maisha yangu, na hakuna mwanamume aliyewahi kunitazama hivyo. Mwaka wa pili unapanda msimu mmoja. Msimu ukiisha, mikono inainuliwa. Yote ikipanda, nyumba ni yako. Mmoja ukikosa, unafunga mabegi.

Kama ningekuwa peke yangu ningecheka tu. Lakini nilikuja kwa ajili ya binti yangu.

Yeye ni fundi cherehani. Alishona foronya za magodoro miaka tisa katika karakana isiyo na dirisha, na vumbi la sponji likamjaa mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi. Daktari alimwandikia vitu viwili, dawa na hewa. Dawa tulipata. Hewa haiuzwi duka la dawa, na chumba tulichopanga kilikuwa juu ya karakana ileile. Tulipokuja hapa alikuwa anapanda ngazi tatu anakaa chini kama mwenye mimba ya mapacha. Mwezi wa tatu akalala usiku kucha bila kukohoa. Mimi ndiye niliyekesha. Sikuwa nimezoea kimya kile, nikawa namshika bega kila saa kuhakikisha yupo.

"Mama, unaniamsha bure," akaniambia asubuhi, na akacheka, na kicheko kikafika mwisho wake bila kukatwa na kikohozi. Nikasema moyoni, hapa hatutoki, hata wanifukuze kwa fimbo.

Sasa, mwaka wa pili ulipokaribia, kila nyumba ilitakiwa iwe na lundo lake la mboji. Jumatatu kila nyumba inapeleka ndoo mbili kwenye lundo kubwa la wote, tunaloliita Lundo Mama, na siku ya kupanda wote wanachota humo. Lundo letu lilikuwa dogo kama kaburi la paka. Wanawake wawili wanakula nini? Wanabakisha nini? Mama Mbegu, mtunza mbegu wetu, mwanamke mrefu anayetembea na ufunguo wa ghala shingoni, alikuwa akipita analichoma kwa kijiti, ananusa kijiti, anasema, "Bado changa." Kila Jumatatu, bado changa. Utadhani namlea mtoto asiyetembea.

Asubuhi moja wote walikuwa upande wa pili wa kilima wakichimba mtaro. Binti yangu alikwenda nao. Mimi nilibaki kwa sababu ya magoti. Yalikuwa yanauma, lakini si sana kama nilivyosema. Akapita mtu na mkokoteni kwenye barabara ya chini, na mkokoteni umejaa samadi ya ng'ombe, nyeusi, inatoa mvuke kama wali.

"Baba, unaipeleka wapi hiyo?"

"Popote, mama. Huko zizini imejaa mpaka mlangoni."

"Ng'ombe wenyewe wazima?"

"Wazima? Wanene kama mawaziri. Wana malisho yao, nyasi tupu, hakuna hata gugu moja."

Hakuna hata gugu moja. Neno lile lilipita masikioni kwangu kama wimbo mzuri. Mtu anayejua udongo angeuliza, magugu yamekwenda wapi? Mimi nilimpa redio yangu, naye akanimwagia samadi nyuma ya nyumba na akanisaidia kuifunika kwa majani makavu. Binti yangu aliporudi akauliza redio iko wapi. Nikamwambia imekufa, nimeizika.

Jumatatu iliyofuata Mama Mbegu alichoma kijiti chake kwenye ndoo yangu, akanusa. Akanusa tena. Akaita watu.

"Njooni muone. Huyu bibi tulikuwa tunamcheka. Tazameni rangi hii!"

Wakaja, wakaingiza mikono, wakanusa. Fundi Bomba, kijana jirani yangu anayetengeneza mabomba ya maji ya mvua, alipiga goti mbele yangu.

"Mchumba wangu, kumbe ulikuwa unanificha! Nioe leo leo."

"Subiri kwanza uote ndevu, mume wangu. Hizo ulizonazo ni ukungu."

Wakacheka wote, na mimi nikavimba kichwa. Ningeishia kwenye ndoo mbili pengine tungepona. Lakini sifa ni kama chumvi, ukionja unataka tena. Jumatatu ile nikapeleka mbili, iliyofuata mbili, iliyofuata mbili. Ndoo sita. Zikachanganywa kwa koleo kwenye Lundo Mama, zikageuzwa na kugeuzwa, kisha wote wakachota, wote wakapanda.

Maharage yaliota vizuri. Siku kumi za kwanza ungesema tumebarikiwa. Kisha jani la tatu likatoka limejikunja.

Nilidhani ni langu peke yangu. Nikalinyoosha kwa vidole, likarudi. Majani yalikuwa yanajifunga kuelekea ndani kama ngumi ya mtoto mchanga, na mashina yanapinda, yanasokoteka, kana kwamba kuna mtu usiku anayakamua. Nikaenda kwa Fundi Bomba kama mtu anayekwenda kuazima chumvi. Yake yalikuwa hivyohivyo. Na ya nyumba ya tatu, na ya nne. Nyanya nazo zikaanza, ncha zimekuwa kama nyuzi. Mahindi tu yalisimama, mabichi, marefu, kama wageni wasiojua kwamba nyumbani kuna msiba.

Tukafanya yote tuliyojua. Tukanyunyizia maji ya majivu. Tukanyunyizia maziwa. Mwingine akasema mkojo uliochanganywa na maji mara kumi, tukanyunyizia, na kwa wiki nzima kilima kilinuka kama kituo cha mabasi. Tukang'oa matandazo, tukarudisha matandazo. Tukamwagilia sana, tukaacha kumwagilia. Binti yangu alikuwa akiamka kabla ya jua, anapiga magoti kwenye tuta letu na kuyanyoosha majani, moja moja, kama anayepiga pasi kola za mashati.

"Mama, leo yamekuwa afadhali kidogo, sivyo?"

"Kidogo," nikasema.

Hayakuwa afadhali hata chembe.

Mpimaji alizunguka siku tatu, mikono nyuma. Siku ya nne alituita jikoni. Ni mtu wa kuongea polepole, kila neno analipimia kamba kwanza.

"Mahindi hayana kitu," akasema. "Mahindi ni jamii ya nyasi. Maharage na nyanya ni majani mapana. Hii ni dawa ya kuua magugu. Inapuliziwa malishoni, inaua kila chenye jani pana, inaacha nyasi. Ng'ombe anakula nyasi, dawa inapita tumboni mwake nzima nzima, inatoka na samadi. Kuna mtu ameingiza samadi hapa."

Nilikuwa nakatakata mchicha. Nikaendelea kukata. Nadhani nilikata mchicha ule mpaka ukawa unga.

"Itaondoka lini?" Mama Mbegu akauliza.

"Mwaka. Miwili. Inategemea."

"Na tufanye nini?"

Mpimaji akatazama mikono yake. "Tungoje."

Nimezika mume. Nimehamishwa nyumba na vyombo vikiwa bado motoni. Lakini sijawahi kuona watu wakiishiwa vile. Watu waliokuwa na jibu la kila kitu, hata la kinyesi chao, wakakaa na mikono mapajani. Mbegu walizopanda walikuwa wamezitunza miaka saba, na ghalani zilibaki za kujaza kikombe.

Kisha wakaanza kumtazama Fundi Bomba.

Kila mtu alikumbuka kwamba yeye ndiye anayetoka kwenda kufanya kazi za watu nje, na kwamba mwaka juzi aliwahi kurudi na marobota mawili ya nyasi kavu ya kulalia kuku bila kuuliza. Aliomba msamaha, wakamsamehe. Sasa msamaha ule ulianza kuchacha. Jioni walikuwa wakimwachia nafasi kubwa kwenye benchi, kubwa mno. Akipita kwangu bado ananiita mchumba, lakini anaita kwa sauti ya chini, kama anayeomba maji.

"Bibi, wewe unaamini ni mimi?"

"Siamini, mume wangu."

"Basi uko peke yako."

Usifikiri sikutaka kusema. Nilitaka. Siku ile ile nilimkalisha binti yangu kitandani nikamwambia, mwanangu, nina neno. Akanikatiza.

"Subiri, Mama, na mimi ninalo. Wameniomba niwashonee mapazia ya jiko la wote. Wasingeniomba kama wanataka kunifukuza, sivyo? Mama Mbegu mwenyewe amenipimia dirisha." Alikuwa amekaa na kitambaa magotini, anahema kama mtu mwingine yeyote, ndani na nje, bila filimbi. "Haya, wewe ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nasema sindano zangu umeweka wapi."

Mwenzangu, sema wewe ungesemaje.

Mkutano uliofuata Mpimaji akaleta njia ya kumjua mwenye kosa. Lundo Mama limechanganyika, akasema, lakini kila nyumba ina lundo lake nyuma. Kila nyumba ijaze kopo moja udongo wa lundo lake, ipande maharage matatu. Dawa ile hata ikiwa chembe, maharage yataisema. Makopo yatakaa kibarazani pa jiko ndani ya tundu la waya ili kuku wasiparue. Mama Mbegu atayamwagilia, na ufunguo atakaa nao yeye. Mwisho wa mwezi yatasomwa mbele ya wote, na siku hiyohiyo, kwa kuwa msimu umeisha kabla ya kuanza, mikono itainuliwa juu ya binti yangu na mimi.

Mikono yote ikakubali. Na wangu. Ungeniona nilivyouinua juu, utadhani naning'inia.

Sasa nikawa na siku moja ya kujaza kopo. Lundo langu limeoza kwa samadi mpaka chini. Kuchota kwa jirani siwezi, kila jirani siku ile alikuwa amekaa nyuma ya nyumba yake akilinda lundo kama anayeatamia mayai. Bustani zote zina sumu. Nikatazama juu kilimani, Duara la Tano likanitazama na kivuli chake. Udongo ambao haujaguswa na samadi, wala dawa, wala mkutano.

Nilipanda mchana, wakati wa kula, magoti yangu yakinitukana njia nzima. Nilichota kopo moja tu, chini ya mti mkubwa, udongo mweusi laini kama keki, nikafunika shimo kwa majani. Nikashuka nimelikumbatia kopo ndani ya nguo kama mwizi wa kuku. Kisha nikalipeleka kibarazani, nikapanda maharage yangu matatu mbele ya watu.

"Umechota wapi, Bibi?" Mama Mbegu akauliza. Alikuwa akimuuliza kila mtu hivyo, akiandika namba. Mimi nilikuwa wa kumi na moja.

"Nichote wapi tena? Nyuma ya nyumba yangu, kwa mkono wangu huu."

Akaandika.

Siku ya sita maharage yakaota makopo yote. Siku ya tisa yakatoa majani ya kweli, mapana, yamenyooka. Ya Fundi Bomba mazima. Ya nyumba ya kwanza mazima. Yangu ndiyo yaliyokuwa manene kuliko yote. Watu wakaanza kupita pale kibarazani wakikuna vichwa, na ile nafasi kwenye benchi karibu na Fundi Bomba ikaanza kupungua. Nikajipongeza. Nikasema, tazama, hakuna aliyeumia, nimemwokoa binti yangu na mume wangu wa utani kwa kopo moja. Sumu itakuwa imetoka mbinguni.

Siku ya kumi na mbili, kwenye kopo langu, pembeni ya maharage, kikachomoza kitu.

Kilikuwa kidogo kama ukucha wa sisimizi. Majani mawili ya duara, na kashina kekundu. Nikasema ni gugu. Siku ya kumi na tatu kilikuwa kimeinuka kimo cha kiberiti, na katikati ya kila jani pana mstari mweupe kama uzi. Nikageuka kutazama makopo mengine kumi. Hakuna.

Kila asubuhi nikawa wa kwanza kibarazani, nimebandika pua kwenye waya. Kikasimama wima, chekundu, kizuri, hakina haya. Nilijaribu kuingiza kidole, matundu ya waya hayakupitisha hata kucha. Nilichonga kijiti cha ufagio nikakipenyeza, nikazuia pumzi, nikalenga, nikakata harage kwenye kopo la pembeni, la Mama Mbegu. Kijiti cha pili kikavunjikia ndani. Nikamwomba Mama Mbegu anipe ufunguo nimsaidie kumwagilia, maana naona anachoka.

"Nani amechoka?" akasema, akaendelea na kazi yake.

Nikajaribu kukitafutia kuku. Nikawavutia kwa punje mpaka juu ya tundu, wakaparua, wakadonoa waya, wakaninyea miguuni, wakaondoka. Fundi Bomba akanikuta nimesimama katikati ya kuku.

"Mchumba, kila siku uko hapa. Unaangalia nini?"

"Maharage yangu."

"Si mazima? Ya wote mazima." Akatabasamu tabasamu lake la zamani, kwa mara ya kwanza tangu mkosi ule uingie. "Tumepona, Bibi."

Hakuna kitu kibaya kama kuchekewa na mtu uliyemchoma. Nilimwambia aende zake akanyoe ukungu.

Mwisho wa mwezi ukafika. Tukakaa jikoni, nyumba zote kumi na moja, chini ya mapazia mapya ya binti yangu. Alikuwa ameyapiga ukingo wa kijani, mishono midogo kama punje za mchele, na watu wote walikuwa wamemsifu wakiingia. Alikaa karibu yangu, bega kwa bega. Nilisikia pumzi yake ikienda vizuri na mkono wake ukiwa umeloa jasho.

Mama Mbegu akafungua tundu, akaleta makopo mezani moja moja, akisoma. "La kwanza, zima. La pili, zima." Mpaka la kumi, zima. Watu wakaanza kutazamana. Akaweka langu. "La kumi na moja, zi..."

Akanyamaza, kwa sababu Mpimaji alikuwa ameshasimama.

Sijawahi kumwona mzee yule akienda haraka. Alilizunguka benchi, akainama, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Kidole chake kikafika karibu na kile kimche chekundu bila kukigusa.

"Umeota," akasema. "Jamani. Mkimya umeota."

Mkimya ndilo jina tuliloupa ule mti mkubwa wa Duara la Tano, kwa kuwa hakuna anayejua jina lake. Uko mmoja tu, umezeeka, unakauka juu. Mpimaji akasema mbele yetu kwamba miaka minane amejaribu kuuotesha, kwenye mchanga, kwenye mboji, kwenye kivuli, juani, na haujawahi kutoa hata jani moja, na alikuwa ameshakubali moyoni kwamba utakufa bila mtoto. Akanigeukia. Macho yalikuwa yamemlowa, mzee mzima, na ananitazama kama mimi ndiye niliyemzalia.

"Bibi. Umefanyaje?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyewahi kunifungulia mlango mzuri vile. Lakini kila mtu alikuwa ananitazama kama siku ile ya ndoo, na binti yangu ameinua uso, amejaa fahari, na mdomo wangu haukunisubiri.

"Ni mkono tu," nikasema. "Mikono mingine imejaliwa."

Watu wakapiga makofi. Fundi Bomba akapiga mluzi. Nikaona mikono, ile mikono tuliyoingoja miaka miwili, iko tayari kupanda juu hata kabla haijaombwa.

Mama Mbegu hakupiga makofi. Alikuwa bado ameshika kopo.

"Mbegu uliitoa wapi?" akauliza. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujifunza.

"Niliiokota njiani," nikasema. "Ile siku tuliyokwenda kutazama msitu. Ilikuwa imeanguka. Nikaitia kwenye udongo wangu, basi."

"Moja?"

"Moja."

"Ilikuwa na ukubwa gani?"

Nikainua mkono wangu mbele ya wote, nikabana kidole gumba juu ya ncha ya kidole kidogo, nikaonyesha. Kama punje ya mtama. Nikapunguza kidogo, nikaona nimezidisha. Mtama mdogo.

Mpimaji alinitazama mkono. Ile furaha ilikuwa bado usoni mwake, haijajua iende wapi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza chini ya mwanga wa dirisha. Nilidhani haina kitu. Akapuliza ukingo wake kidogo sana, na moshi mdogo wa rangi ya kahawia ukaruka, ukaelea, ukatua juu ya meza pasionekane kitu tena.

"Hizo ndizo mbegu zake, Bibi," akasema. "Haziokotwi. Zinakuwa ndani ya udongo wa pale chini yake."

Mimi nilikuwa bado nimeinua mkono, vidole vimebanwa, nawaonyesha punje ya mtama. Sikujua niupeleke wapi. Binti yangu ndiye aliyeushika kwa mkono wake uliolowa, akaushusha mezani, akaufunika.

"Mama," akasema, "na samadi?"